Maswali ya Wasomaji: Mexico, Wenye Timu na Msalaba wa Buluu

Shikamoo mzee. Kombe la Dunia la mwaka 2014 nilikuwa mdogo, na Robben wa Uholanzi alipoanguka nililia. Tangu hapo naifuata Mexico. Naomba unieleze: ni kweli waamuzi ndio wanaoinyima robo fainali?
*Msomaji, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Hukulia peke yako. Siku ile kule Fortaleza dakika ya 88 tulikuwa mbele 1-0, Giovani dos Santos kafunga kwa shuti la mbali, kipa wetu Ochoa anadaka kila kitu. Sneijder akasawazisha. Kisha dakika za nyongeza Robben akaangukia mguu wa beki wetu Rafa Márquez, Huntelaar akapiga penalti, tukatoka. Hapa Houston ninapoishi, maneno "No era penal", haikuwa penalti, nimeyaona yamechapwa mpaka kwenye fulana.

Robben mwenyewe alikiri baada ya mechi kwamba kipindi cha kwanza alijiangusha, akaomba radhi, ila akasema ile ya mwisho ilikuwa halali. Nimeirudia picha ile mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na nitakwambia jambo ambalo wenzangu wa jezi ya kijani hawapendi kulisikia: Márquez aliuweka mguu pale, na beki wa uzoefu wake hakuwa na sababu ya kuuweka.

Mwaka 2010 nakubali tulionewa. Tevez wa Argentina aliotea wazi kabisa na bao likakubaliwa. Lakini kuanzia 1994 hadi 2018 tumetolewa kwenye kumi na sita bora mara saba mfululizo: na Bulgaria kwa matuta, Ujerumani, Marekani, Argentina mara mbili, Uholanzi, Brazil. Mwaka 2022 hata kundini hatukutoka. Haiwezekani yote hayo yakawa kazi ya waamuzi.

Mimi lawama nazipeleka kwa wenye timu. Mwaka 2020 ligi ya Mexico ilisimamisha kupanda na kushuka daraja. Timu za mkiani zinalipa faini tu, msimu unaofuata zipo palepale, na kijana wa daraja la pili anayejituma hana mlango wa kupandia. Kabla ya hapo, mwishoni mwa 2016, klabu za Mexico zilijitoa Copa Libertadores, kombe la klabu za Amerika Kusini, kwa sababu ya ratiba. Hilo ndilo linaloniuma kuliko penalti ya Robben. Kule ndiko mchezaji wetu alikokuwa anakomaa, anakwenda Buenos Aires au São Paulo, anazomewa dakika tisini na bado inambidi atulize mpira.

Badala yake timu ya taifa inaletwa Marekani kucheza mechi za kirafiki, maana wahamiaji wanajaza viwanja na wanalipa kwa dola. Nimekata tiketi za mechi hizo mara tatu hapa Texas. Mara moja, nusu ya wachezaji niliowafuata hawakuwapo hata benchi. Pembeni yangu alikaa baba mmoja na bintiye aliyechorwa bendera mashavuni, na kila mchezaji alipoitwa kuingia, mtoto alikuwa akiuliza kama ndiye yule. Pesa inaingia timu ikishinda au ikifungwa. Sasa nani atahangaika kurekebisha?

Kaka, kuna video inazunguka ya mashabiki wa Mexico wakipigana mpaka watoto wanakimbilia uwanjani. Mwanangu anashabikia ligi hiyo kwa ajili yako. Ni kweli yalitokea?
*Mama wa wawili, Mombasa*

Ni kweli, dada yangu, na samahani kama mtoto aliiona. Ni tarehe 5 Machi 2022, uwanja wa La Corregidora, Querétaro ikicheza na Atlas. Kipindi cha pili vurugu zilianza jukwaani na mechi ikavunjika. Serikali ya jimbo ilitangaza majeruhi 26. Watu walivuliwa nguo wakapigwa wakiwa wamelala chini. Sikuweza kula usiku ule.

Querétaro waliadhibiwa kucheza mechi za nyumbani bila mashabiki kwa mwaka mmoja, na waliokuwa wakiimiliki wakanyang'anywa. Ikapewa nani? Ikarudishwa kwa Grupo Caliente, kampuni ambayo tayari ilikuwa na klabu ya Tijuana kwenye ligi hiyohiyo. Mtu mmoja kuwa na timu mbili ndani ya ligi moja wao walishalizoea, mpaka mwaka 2025 FIFA ilipoiondoa León kwenye Kombe la Dunia la Klabu kwa sababu mwenye León ndiye mwenye Pachuca. Mwanao aendelee kutazama, lakini kaa naye.

Kaka, mbona unang'ang'ania Cruz Azul, huo Msalaba wa Buluu, timu ambayo jina lake limegeuzwa kitenzi cha kupoteza? Hamia klabu ya América upumzike.
*Msomaji, Minneapolis*

Kitenzi chenyewe ni "cruzazulear", kuachia kitu ambacho tayari kiko mkononi. Nilikijua siku nilipokiona kikitokea. Ilikuwa Mei 2013, nikiosha vyombo kwenye mgahawa hapa Houston. Mpishi wetu mkuu, mzaliwa wa Hidalgo, aliweka televisheni ndogo juu ya magunia ya mchele. Fainali ya ligi dhidi ya América, mechi ya marudiano, uwanja wa Azteca, mvua kubwa. Tunaongoza 2-0 kwa jumla na América wako kumi. Dakika ya 89 Mosquera akarudisha moja. Dakika ya 93, kona, kipa wao Moisés Muñoz kapanda mpaka langoni kwetu, akaruka kichwa, mpira ukambabatiza mchezaji wetu ukazama wavuni. Matuta tukafungwa 4-2. Mpishi alikuwa ameshika upawa muda wote huo, mchuzi ukimdondokea kiatuni, na hakuutua mpaka América walipomaliza kubeba kombe.

Wiki iliyofuata alinipa jezi yake kuukuu, akanisimulia kwamba timu ile ilianzishwa mwaka 1927 na wafanyakazi wa kiwanda cha saruji kule Jasso, kwao Hidalgo. Mimi ni mtoto wa Tanga. Baba yangu alipakia saruji Pongwe, na jioni akirudi nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi. Nikaivaa palepale, juu ya aproni iliyolowa.

Kwa hiyo América siwezi, ndugu yangu. Kati ya ubingwa wa 1997 na ule uliofuata tulipoteza fainali sita za ligi. Desemba 2020 tuliwafunga Pumas 4-0 kwenye nusu fainali, wakaturudishia nne na kupita kwa sababu walimaliza juu yetu kwenye msimamo.

Karibu miezi sita baadaye, tarehe 30 Mei 2021, tukakutana na Santos ya Mexico kwenye fainali, na kocha wetu alikuwa Juan Reynoso, beki wa kikosi kile cha 1997. Mpishi alikuwa ameshahamia jimbo jingine. Alinipigia simu ya video kipindi cha pili, akaisimamisha simu yake ikielekea televisheni, nami nikafanya vivyo hivyo, tukaangalia bila kuongea. Filimbi ilipolia, 2-1 kwa jumla, niliona picha ya simu yake inatikisika, kisha dari, kisha nikasikia mtu mzima analia kwa sauti. Sikukata simu. Tulikaa hivyo mpaka chaji yake ikaisha.