Mkanda wa usalama pekee hautoshi

SWALI: Mhariri, ninasimamia ghala ambamo wafanyakazi hupanda ngazi ya kuegemeza ili kufikia rafu za juu, na hivi karibuni mmoja wao ameteleza na kuumia. Je, kuwanunulia mikanda ya usalama kutatosha?

JIBU: Poleni sana. Mkanda wa aina hiyo kwa kawaida humdaka mtu akishaanguka, tena endapo tu umefungwa mahali imara, kwa hiyo uwe kinga ya mwisho. Kwanza punguzeni haja ya kupanda, kwa kuhamishia rafu za chini bidhaa zinazochukuliwa mara kwa mara. Pale ngazi isipoepukika, isimamishwe kwenye sakafu kavu na tambarare, miguu yake ikae mita 1 kutoka ukutani kwa kila mita 4 za kimo, na anayepanda aielekee huku mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, ikiishika daima, jambo lisilowezekana kwa mtu aliyekumbatia katoni. Kupanda na mzigo mikononi ningekupiga marufuku leo hii. Aliyeteleza naye aulizwe, bila kutishiwa adhabu, alikuwa akifikia nini na kwa nini, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kilichotokea pale juu.