Kwa mnaoanza kiwanda mkisubiri mpaka wa Kenya ufungwe

Wadogo zangu mnaotaka kuingia kwenye uzalishaji hapa Mwanza, siku hizi kila kijana anayekuja na mchoro wa kiwanda kwenye simu hatufiki mbali kabla hajaniambia "kaka shida yetu ni hii Jumuiya ya Afrika Mashariki, angalia Mali, Burkina Faso na Niger wametoka ECOWAS, jumuiya yao ya Afrika Magharibi, na sisi tutoke tu, bidhaa za Kenya zikome, viwanda vifufuke". Sasa mimi nimekaa kwenye mafuta ya pamba miaka mingi, nimeanzia kushusha magunia mpaka kusimamia zamu, sitaki kumvunja mtu moyo ila haya mambo bora uyasikie kabla hujachukua mkopo.

Hao wa Sahel wametoka kweli, Januari 2025. Lakini watu wanasahau kwamba bado wako kwenye umoja mwingine na jirani zao, UEMOA, wenye faranga ya CFA na forodha ya pamoja, kwa hiyo hawajafunga geti lote kama mnavyosimulia vijiweni. Na Mali na Burkina ni watu wa pamba kama Wasukuma tu, pamba yao nyingi inapanda meli ikiwa marobota, nguo zinarudi kutoka Asia. Hilo tatizo walikuwa nalo ndani ya ECOWAS na wametoka nalo nje, na la kwetu ni hilo hilo. Zaidi ya asilimia 90 ya pamba ya Tanzania inalimwa huku kanda yetu, Simiyu, Shinyanga, Mwanza, Geita, Mara, na sehemu kubwa ya pamba hiyo inauzwa nje ikiwa ghafi. Kenya haijatuzuia kusokota.

Halafu kuna kitu vijana wengi hamkijui, sisi tumeshatoka mara mbili. Mara ya kwanza ni 1977, Jumuiya ya zamani ilipovunjika, mpaka na Kenya ukafungwa mpaka 1983. Huo ndio mpaka uliofungwa kwelikweli, wala si wa ushuru, haikupita lori. Na viwanda vya nguo tulikuwa navyo, Mwatex hapa Mwanza, Musoma ikaja Mutex, serikali ikiwa na mkakati wake wa viwanda mama. Waulizeni wazee wenu wa Igogo na Kirumba miaka ile ya mwanzo wa themanini ilikuwaje. Foleni ya sabuni. Foleni ya khanga. Watu wanavuka ziwa usiku na mitumbwi kufuata sabuni ya magendo, mpaka 1983 waziri mkuu Sokoine akaanza kuwakamata walioitwa wahujumu uchumi. Soko lote lilikuwa la viwanda vyetu, hakuna mshindani, na bado mashine zilisimama kwa sababu fedha za kigeni za kununulia spea, kemikali na mafuta ya mitambo hazikuwepo. Vita ya Kagera ilichangia, bei ya mafuta duniani ikapanda, sikatai, lakini ndo hivo, ukuta ulikuwepo na bidhaa haikuwepo. Ilipofika 1984 wakaruhusu watu waagize bidhaa kwa dola zao wenyewe, mitumba ikaingia, na viwanda vya nguo vilikuwa vimeshachoka havina hata pa kushika.

Mara ya pili ni COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, ambalo Misri nayo imo. Tukatoa taarifa 1999, tukatoka rasmi Septemba 2000, mwezi mmoja tu kabla wenzetu hawajaanzisha eneo lao la biashara huru. Sababu zilizotajwa ni kulinda mapato ya forodha na viwanda vya ndani, maana tungebaki ingebidi ushuru kwa wanachama wenzetu ushuke hadi sifuri. Tukabaki SADC ya kusini mwa Afrika na EAC, yaani hii ya Afrika Mashariki. Sasa kama kutoka kungekuwa ndio dawa, basi miaka hii ishirini na zaidi tungeshaona, lakini uzalishaji viwandani bado uko chini ya asilimia 10 ya pato la taifa. Na cha ajabu zaidi, Kenya na Uganda walibaki COMESA huku tuko nao EAC, kwa hiyo kile ulichokikataa kwa mlango wa mbele jirani yako anacho sebuleni, ndio maana kila siku mivutano ya bidhaa hii ni ya kwenu au mmeitoa Misri haiishi.

Sasa tuje kiwandani, huko kwenye siasa nisije nikapotea.

Ukianza na mafuta ya pamba, kitu cha kwanza kujifunza ni mbegu. Msimu wa kununua pamba unafunguliwa mwezi wa tano, baada ya miezi michache umeisha, na wewe kiwanda chako kinataka kukamua mwaka mzima. Maana yake hela ya mbegu za mwaka mzima unaitaka ndani ya miezi minne hivi. Hapo ndipo wengi wanapofia, si kwenye ushindani wa mawese. Utaona kiwanda kina mashine nzuri kabisa, ikifika Desemba kimefunga, ukiuliza wanakwambia "mafuta ya nje yametuua", ukienda stoo unakuta hakuna mbegu. Anayekuja na milioni zake zote akazimalizia kwenye mashine na jengo huwa namwambia mapema, ndugu yangu punguza mashine moja, hiyo hela iwe ya kuzungusha.

Na mbegu yenyewe uijue kwa mkono. Ingiza mkono mpaka katikati ya gunia lililokaa chini ya rundo. Ukikuta joto, na harufu kama ya kitu kilichovunda, hiyo mbegu ilipokelewa ikiwa na unyevu na imeanza kujipika yenyewe stoo. Mafuta yatatoka meusi ti, asidi imepanda, ukienda kuyasafisha itabidi uongeze kostiki, ile soda ya kuondolea asidi, na kostiki ikizidi inakula mafuta pia, kile kilichopaswa kuingia kwenye madumu kinaenda kwenye yale masalia mazito ambayo watu wa sabuni wanayanunua kwa bei ya kutupa. Kusafisha huwezi kukwepa, mafuta ghafi ya pamba yana gosipoli, ni sumu, hayauzwi vile yanavyotoka kwenye mashine. Basi pima unyevu getini kabla gari halijashusha, usimwachie mlinzi, usimwachie dalali. Panga magunia juu ya mbao, acha njia hewa ipite. Hakuna ushuru wa forodha utakaokufidia gunia lililooza, hata wakiweka asilimia mia.

Ushuru wenyewe ujue unavyofanya kazi maana wengi mnaujadili kwa hisia. Kwa vitu vinavyoingia EAC kutoka nje ya jumuiya, malighafi na mitambo ni sifuri, bidhaa ambayo haijakamilika ni asilimia 10, iliyokamilika 25, na tangu Julai 2022 kuna daraja la nne la 35. Juu ya hapo kila mwaka nchi zinaomba ruhusa ya kuachana na viwango vya pamoja kwa bidhaa fulani kwa muda, inatoka kwenye gazeti la jumuiya mwishoni mwa mwezi wa sita. Mafuta ya kula ni mfano, 2018 tulipandisha mawese ghafi kutoka 10 hadi 25, na yaliyosafishwa kutoka 25 hadi 35. Kwa hiyo ulinzi ulitafutwa tukiwa humo humo ndani, hatukuhitaji kuondoka. Ila ulinzi wa namna hii unaangaliwa upya mwaka hadi mwaka. Usiandike mpango wa miaka mitano kwa hesabu kwamba ile 35 itakaa pale, piga hesabu pia ya 25, ukiona kwa 25 unakufa basi huna kiwanda bado.

Na angalia unavyotumia vinatoka wapi. Kostiki, udongo wa kuondolea rangi, plastiki ya madumu, beringi, zile parafujo za ndani ya mashine ya kukamua ambazo zinalika kila msimu, vingi ni vya nje. Parafujo tunao mafundi Nyakato wanaozijaza kwa kuchomelea na kuzichonga upya, wapo wazuri sana, wengine nawaamini kuliko spea mpya za bei chee, ila hata chuma na vijiti vya kuchomelea vimeagizwa. Ukishangilia ukuta kumbuka unashangilia na bei ya hivyo. Ninyi wageni kaeni na hao mafundi kabla hamjanunua mashine, waulizeni ipi wanaiweza, maana mashine ambayo fundi wa Mwanza hajawahi kuifungua itakusimamisha wiki mbili ukisubiri mtu kutoka Dar. Umeme nao usiwe na haraka ya kusahau, ukiyumba boila inapoa, mbegu iliyoko kwenye kikaango haijaiva vizuri na mafuta yanabaki kwenye mashudu.

Mashudu sasa. Hapa ndipo ninapowashangaa wanaosema tufunge Sirari, pale mpakani na Kenya. Kilo 100 za mbegu zinakupa mafuta kama kilo 15, ukijitahidi sana na mbegu ikiwa nzuri inaongezeka kidogo. Kinachobaki kingi ni mashudu na maganda. Maganda unachoma kwenye boila. Mashudu unauza kwa wanenepeshaji wa ng'ombe huku kwetu, na wanunuzi wengine ni Wakenya, wenye ng'ombe wa maziwa na viwanda vya chakula cha mifugo. Mgeni anaona hii ni biashara ya mafuta, aliyekaa ndani anajua mwezi ambao bei ya mafuta imelala ni mashudu yanayolipa mishahara. Mpaka ukifungwa leo, au wakitulipiza, bei ya mashudu Mwanza inashuka kesho yake na mafuta yako itabidi yapande kufidia, halafu mama lishe wa Igoma atanunua mawese ya magendo. Na kijiografia tuwe wakweli, sisi Nairobi ni karibu kuliko Dar, Kisumu na Kampala tunazifikia kwa maji, mtu wa Dar anaweza kuongelea kufunga mipaka ya kaskazini bila kutetereka, mtu wa ziwani afikirie mara mbili.

Sisemi jumuiya ni pepo. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu, tuko jumuiya moja, na malori yakalala mpakani. Mvutano wa pipi na biskuti pia mnaukumbuka, sisi ndio tulizitoza za Kenya kwa hoja kwamba sukari iliyotumika iliagizwa kwa nafuu ya kodi. Kwa hiyo geti linaweza kufungwa ukiwa ndani, dawa yake ni makaratasi na ubora. Waulize watu wa sangara. Kati ya 1997 na 1999 Ulaya ilizuia samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja, na viwanda vya minofu hapa Mwanza havikusimama tena kwa kuzomea Ulaya, ilibidi mialo ya kushushia samaki ipangwe, barafu, maabara, ukaguzi, mtu wa zamu anaandika joto la chumba kila baada ya muda. Kazi ya kuchosha kweli. Mimi nikitaka kijana wa kunisaidia kwenye ubora namtafuta aliyepita kiwanda cha samaki, yule daftari lake huwa limejazwa.

Na hata ukitoka kwenye jumuiya makaratasi hayaishi, yanaongezeka. Uingereza walitoka Umoja wa Ulaya Januari 2020, wana mkataba wa biashara bila ushuru, lakini ili gari lipite bila ushuru lazima lithibitishe sehemu kubwa ya thamani yake imetoka kwao au Ulaya. Magari ya umeme masharti yalikuwa yakaze 2024, betri nyingi zinatoka Asia, wakaona ushuru wa asilimia 10 unawajia pande zote mbili, Desemba 2023 wakakubaliana kusogeza mpaka mwisho wa 2026. Hao ni watu wenye viwanda vya karne mbili.

Wewe wa mafuta ya pamba una bahati hapo, mbegu imelimwa Magu au Bariadi, imekamuliwa Nyakato, hakuna wa kukuuliza asili yake mara mbili. Ukianza kuchanganya na mawese ya kuagiza umeshaingia kwenye hesabu nyingine, usifanye hivyo kabla hujakaa na wakala wa forodha anayejua kanuni za uasili za EAC, si yule anayesema "tutaongea nao pale". Mzigo mdogo usiozidi dola 2,000, kama uko kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, unapata cheti rahisi cha uasili pale pale mpakani. Mzigo mkubwa unahitaji cheti kamili, na jina la bidhaa kwenye ankara, kwenye cheti na kwenye gunia liwe moja. Lori linaweza kulala Sirari kwa sababu ankara imeandikwa "chakula cha ng'ombe" na cheti "mashudu ya pamba". Dereva analipwa posho, mteja anapiga simu kila saa, mvua nayo inanyeshea turubai bovu. Hiyo fomu nenda kaichukue wiki hii, jifunze kuijaza mwenyewe wakati bado unatafuta mtaji.