Kumuuguza mzee wa kisukari baada ya kukatwa vidole: pima kwanza, dhania baadaye

Pole sana kwa kuuguza, ndugu yangu. Umesema mama ana miaka 72, amekatwa vidole viwili vya mguu wa kulia kwa sababu ya kisukari, keshokutwa anaruhusiwa, na hapo nyumbani mpo wewe na mdogo wako tu, hamjui pa kuanzia. Mimi nimeyapitia hayo mwaka 2021 na bibi yangu mzaa mama, Muheza. Naye alitolewa vidole viwili, mguu wa kushoto. Mimi si daktari. Nakueleza yaliyotukuta na tuliyofundishwa na manesi, na dozi zote za mama yako zitoke kwa daktari wake.

Nianze na usiku wa sita tangu arudi nyumbani, maana ndio ulionifunza kuliko siku zote za wodini.

Saa nane usiku nilisikia kanga inachakarishwa. Nikawasha taa. Bibi amekaa kitandani, anaikunja kanga, anaikunjua, anaikunja tena. Shuka limelowa jasho mpaka kwenye godoro, na nje mvua inanyesha, kuna baridi. Mimi kila siku huniita "mke mwenzangu". Usiku ule aliniita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani, akaniuliza kama treni ya Tanga imeshapita. Mama mdogo akaanza kumsomea Ayatul Kursiyyu. Mjomba akanivuta pembeni akasema, mtu mzima akianza kuwaita waliotangulia, tujiandae. Nikamwambia, mjomba, ngoja nimpime kwanza. Mashine ikasoma 2.4.

Chini ya 4, kwa mashine inayosoma mmol/L kama yetu, ni sukari imeshuka. Kwa kijana ungeona anatetemeka, moyo unamwenda mbio, anaomba kula. Kwa mzee mara nyingi dalili ni hiyo hiyo uliyoizoea ukaiita uzee: kuchanganyikiwa, kuongea yasiyoeleweka, ukali wa ghafla, usingizi usio wa kawaida, kuanguka njiani kwenda msalani. Ndiyo maana nakusihi, mama yako akibadilika kwa namna yoyote, mpime kabla hamjaitana wala kukisia.

Alikuwa bado anameza vizuri. Nilikoroga vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye nusu kikombe cha maji, akanywa taratibu. Tulisubiri dakika 15, nikapima: 3.5. Nikamkamulia machungwa nusu glasi, tukasubiri tena dakika 15: 5.6. Hapo ndipo nikampa kipande cha mkate na maziwa, kwa sababu sukari ya haraka inaisha haraka, bila chakula baada yake atashuka tena. Saa kumi alfajiri aliniita mke mwenzangu, akauliza nani kamwaga maji kitandani.

Zingatia hili: angekuwa hamezi au amezimia, kumtilia kitu mdomoni ni kumpalia. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali papo hapo. Na kama mama yako anatumia glibenclamide, kidonge cha kushusha sukari, basi sukari ikishuka usitulie kwa sababu imepanda mara moja. Dawa ile inakaa mwilini muda mrefu, hasa kwa mzee ambaye figo zimechoka, na inaweza kumshusha tena baada ya saa kadhaa. Mpeleke akaangaliwe.

Kosa lilikuwa langu. Jioni ile bibi alikula vijiko viwili tu vya wali, akasema kinywa kichungu. Mimi nikamchoma insulini yote kama karatasi ya hospitali ilivyoandika. Karatasi iliandikwa kwa mtu anayekula. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza daktari kabla hamjatoka wodini ni hili: asipokula, au akila nusu, nimpe kiasi gani? Usikubali jibu la "endeleeni hivyo hivyo". Liandikwe. Na usije ukasikia habari yangu hii ukaacha kumchoma kabisa kwa woga, maana upasuaji wenyewe na maambukizi vinapandisha sukari hata kwa mtu asiyegusa chakula, na sukari ya juu ndiyo inayokwamisha kidonda kufunga.

Sisi tuliambiwa tumweke kati ya 6 na 10, na ikivuka 12 siku mbili mfululizo tupige simu. Mama yako atapewa viwango vyake, vishike hivyo. Uliza pia dawa gani zilizosimamishwa kwa ajili ya upasuaji zinarudi lini. Metformin, kidonge kingine cha kisukari, mara nyingi husimamishwa, na isirudishwe na mtu nyumbani kwa sababu tu amekuta pakiti kabatini. Uliza nyuzi za mshono zinatolewa lini. Mguu wa mgonjwa wa kisukari hauna haraka, wiki mbili au tatu ni kawaida, pengine zaidi. Na uombe namba ya simu ya wodi au ya kliniki, kwa sababu maswali yatakuja usiku.

Nunua daftari la shilingi chache, ulifunge kamba kwenye mguu wa kitanda ili lisitembee. Safu ya kwanza saa, ya pili sukari, ya tatu alichokula, ya nne yuniti za insulini na jina la aliyemchoma. Kwetu siku ya tatu bibi alikaribia kuchomwa mara mbili, maana mama mdogo alichoma akaenda kuswali, mjomba akaja na bomba lingine mkononi. Daftari ndilo lililotuokoa. Mnapima kabla ya kula mara tatu na kabla ya kulala, kwa hiyo boksi la stripu 50, vile vijikaratasi vya kupimia, linakwenda siku 12 tu. Panga fedha hiyo mapema. Bora ukose kitu kingine ndani ya nyumba kuliko kukisia.

Insulini isiyofunguliwa ikae kwenye friji, isiguse friza kabisa, ikiganda ni ya kutupa. Chupa uliyoifungua inaweza kukaa nje ya friji wiki nne hivi, mahali pa baridi na kivuli, andika tarehe ubavuni. Umeme ukikatika sana kwenu fanya kama tulivyofanya: chupa ndani ya kopo lenye mfuniko, kopo ndani ya chungu cha udongo chenye mchanga mbichi, kwenye kona isiyopigwa jua. Ile yenye ukungu iviringishe taratibu kati ya viganja mpaka iwe na rangi moja, usiitikise kama dawa ya kikohozi. Na bomba la sindano liwe la insulini lenye alama ya U-100, si bomba lolote.

Sasa kidonda. Tuliletewa ushauri na kila aliyepita: asali, majivu, unga wa mlonge, spiriti, kukanda kwa maji ya moto. Walitupenda, na wengine walitoka mbali. Lakini huo wa mwisho unanitia hofu mpaka leo. Mguu ulioharibiwa mishipa ya fahamu hauhisi moto. Bibi angeweza kuungua mpaka nyama ikatoka huku anakwambia maji yamepoa. Kidonda kioshwe kama hospitali ilivyoelekeza, mikono ioshwe kwa sabuni kwanza, kitambaa cha gozi kiwe safi, na kama mna uwezo mpelekeni zahanati nesi akifunge. Kila bandeji ikifunguliwa mmoja wenu apige picha kwa simu, mahali pale pale, mwanga ule ule. Macho yanasahau. Picha ya Jumatatu na ya Alhamisi zikilazwa pamoja zinasema kweli.

Usisubiri aseme anaumwa, na usisubiri homa, wazee wengi hawapandi homa. Kimbia naye ukiona harufu imebadilika, usaha, wekundu au uvimbe unaopanda kuelekea kifundo, ngozi inakuwa nyeusi, mguu wa baridi. Sukari ikianza kupanda bila chakula kubadilika, fungua bandeji siku hiyo hiyo, mara nyingi kidonda kinatangaza kwa njia hiyo kabla hujaona kitu. Pia shavu la mguu likivimba upande mmoja, au akianza kuhema, hiyo si ya kulala nayo.

Kuna jambo ambalo sisi wote watano tulilikosa. Siku ya tisa nilikuwa namwosha nikaona doa la zambarau kwenye kisigino cha mguu MZIMA. Kwa siku tisa tulikuwa tunautazama mguu wa kushoto, na ule wa kulia ndio aliokuwa anausukumia godoroni kila akitaka kujiinua, ukabeba mwili wote. Hakuhisi. Tungechelewa siku tatu tungerudi thieta kwa mguu wa pili. Weka mto chini ya shavu la mguu, si chini ya kisigino, visigino vyote viwili vining'inie hewani. Mgeuze kila baada ya saa mbili kama hajimudu. Asubuhi na jioni kagua miguu yote miwili, katikati ya vidole, chini ya unyayo, kwa tochi ya simu. Akipaka mafuta yasiingie katikati ya vidole. Na akiruhusiwa kukanyaga, asikanyage peku hata kwenda mlangoni, kiatu kitiwe mkono ndani kwanza kutafuta kijiwe au msumari.

Na chandarua kichomekwe vizuri chini ya godoro, si kwa ajili ya mbu peke yao. Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake waliwahi kuandika habari za wagonjwa wa kisukari walioumwa miguu na panya usiku wakiwa wamelala, hawakuhisi chochote. Niliposoma nilisafisha chumba cha bibi kona zote, mabaki ya chakula hayakulala tena humo.

Chakula kimetuletea ugomvi kuliko dawa. Wageni wa Muheza huja na machungwa, kikapu kizima, na wa mjini huja na soda na juisi za boksi. Sikuwakatalia, nilipokea kwa mikono miwili nikaweka jikoni. Chungwa moja la kula na nyama zake, baada ya chakula, halikumsumbua. Juisi ndiyo iliyompandisha mpaka 16, kwa sababu glasi moja ni machungwa matatu au manne na nyuzinyuzi zake zimebaki kwenye chujio. Basi juisi tukaifanya dawa ya sukari ikishuka, na kila mtu ndani ya nyumba akajua hivyo. Upande wa pili wapo watakaokwambia mgonjwa wa kisukari asile, ale majani tu. Kidonda kinajengwa na chakula. Bibi alikuwa anapata yai asubuhi, samaki au maharage mchana na jioni, mchicha mwingi, na ugali wa dona kama ngumi yake, ngumi yake si yangu. Uji wa lishe tuliupunguza sana baada ya kuona daftari. Figo za mama yako kama zina shida, kiasi cha nyama na samaki kimuulize daktari.

Nilitaka kuishia hapo lakini nikakumbuka umesema mama hataki kuongea tangu atoke thieta. Bibi naye alinyamaza siku mbili. Ya tatu akauliza, "Vidole vyangu mmevipeleka wapi?" Tulidhani tunamstahi kwa kutolitaja. Mjomba akamweleza kwamba hospitali walimkabidhi, akavifunga kitambaa cheupe, akavizika kwenye shamba la babu, upande wa minazi. Bibi aliuliza mara mbili ni mnazi upi. Jioni ile ndiyo mara ya kwanza alimaliza sahani. Sijui kwenu mlifanyaje, lakini mwambieni. Mwachieni pia kazi, achambue mchicha, apepete mchele, ashike daftari akisoma. Bibi alikuwa ananyoosha kidole mwenyewe kuchomwa, akinikosoa kama nimechoma katikati badala ya ubavuni, ambako hakuumi sana.

Kidonda chake kilifunga kabisa wiki ya kumi na mbili. Wiki ya tano kilisimama tu, hakiendi mbele wala nyuma, nikalia. Daktari alitazama picha zangu, akatazama daftari, akagundua sukari ya usiku inapanda kila siku kati ya saa tatu na alfajiri, akabadilisha dozi ya jioni.

Kwa hiyo kesho, kabla ya kwenda kumchukua: mashine na stripu ziwe nyumbani, ijaribuni mashine kwako wewe kwanza. Sukari ya chai kwenye kopo dogo kando ya kitanda, mahali mdogo wako anapajua hata gizani. Mto wa kuweka chini ya shavu la mguu. Ndoo ya msalani karibu ili asitembee usiku. Na ukifika wodini, muombe nesi akuangalie ukifunga kidonda kwa mikono yako mwenyewe mara moja, palepale, kabla hamjapanda gari.