Maswali na Majibu: Wanawake Waliojigeuza Wanaume Ili Wapigane Vitani

Tangu tulipoandika kuhusu wanawake waliokata nywele, wakavaa suruali na kujiandikisha jeshini kwa majina ya kiume, wasomaji wametuletea maswali mengi. Tumechagua yale yaliyojirudia zaidi.

Swali: Askari hupimwa na daktari kabla ya kupokewa. Iliwezekanaje mwanamke apite hapo bila kugunduliwa?

Upimaji ulikuwa mkali kwenye kanuni kuliko kwenye vitendo. Wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, mwandikishwa alitakiwa avue nguo akaguliwe mwili mzima. Lakini daktari aliyesimamiwa na makamanda wenye haraka ya kujaza vikosi mara nyingi aliridhika akiona kwamba mtu anatembea vizuri, ana kidole cha kufyatulia bunduki, na ana meno ya mbele ya kuchania karatasi iliyofunga baruti na risasi. Ndivyo Sarah Emma Edmonds, mzaliwa wa New Brunswick nchini Kanada, alivyoingia mwaka 1861 katika Kikosi cha 2 cha askari wa miguu wa Michigan kwa jina la Franklin Thompson. Kukosa ndevu hakukumponza mtu, kwa kuwa vikosi vilijaa wavulana waliodanganya umri, na sauti nyembamba ilihesabiwa kuwa ya kijana ambaye hajabaleghe vyema.

Lakini kwa maoni yangu siri kubwa zaidi ilikuwa suruali yenyewe. Katika jamii ambamo mwanamke alionekana hadharani akiwa na gauni refu tu, mtu mwenye suruali na nywele fupi alikuwa mwanamume kabla hajafungua kinywa, na watu hawana desturi ya kuchunguza jambo ambalo macho yao yamekwisha kuliamua.

Swali: Samahani kwa kuuliza, lakini waliogaje, na walifanyaje wakati wa hedhi?

Huna haja ya kuomba radhi, kwani hili ndilo swali lililoletwa na wengi. Askari wa zama hizo walilala na nguo zao na waliweza kukaa wiki nyingi bila kuoga, na vyoo vya kambini vilikuwa vichafu kiasi kwamba aliyekwenda peke yake porini hakuonekana kituko. Kuhusu hedhi, wenyewe hawakuandika mengi. Inajulikana hata hivyo kwamba njaa na safari ndefu za miguu huweza kuikatiza, na kitambaa chenye damu si ajabu mahali penye majeruhi. Mimba ndiyo haikufichika daima: baada ya mapigano ya Fredericksburg ya Desemba 1862, koplo mmoja aliyepandishwa cheo kuwa sajini kwa ushujaa wake alijifungua mtoto, na habari hiyo ikaenea katika barua za askari wenzake, ambao walishangaa kuliko walivyokasirika.

Swali: Ni kweli kwamba wengi wao waliwafuata wachumba?

Wapo waliofanya hivyo. Christian Davies wa Dublin aliingia jeshini akimtafuta mume wake, na alijulikana kuwa mwanamke baada ya kujeruhiwa kichwani katika mapigano ya Ramillies mwaka 1706. Hata hivyo hadithi za mapenzi zimependwa mno na wasimuliaji, kiasi kwamba zimeifunika sababu iliyo ya kawaida zaidi, nayo ni fedha. Sarah Rosetta Wakeman, binti wa mkulima wa New York, alijiandikisha mwaka 1862 kwa jina la Lyons Wakeman, akapokea dola 152 za kushawishi waandikishwa na kisha mshahara wa dola 13 kwa mwezi, kiasi ambacho mtumishi wa kike wa nyumbani hakuweza kukiota. Barua zake kwa wazazi zimehifadhiwa, na ndani yake anazungumzia pesa anazowatumia na uhuru wa kwenda anakotaka. Alifariki kwa kuhara mwezi Juni 1864 katika hospitali ya New Orleans, akazikwa kwa jina lake la kiume.

Wengine waliitika wito usiokuwa wao. Katika Vita vya Balkan, Milunka Savić wa Serbia alikwenda badala ya kaka yake, na hakugunduliwa mpaka alipojeruhiwa mwaka 1913. Akaruhusiwa kuendelea, na katika Vita Kuu ya Kwanza akatunukiwa nishani na Serbia na Ufaransa pia.

Swali: Je, Mulan wa Uchina aliishi kweli?

Tunamfahamu kupitia shairi la kale la msichana aliyekwenda vitani badala ya baba yake, si kupitia kumbukumbu za jeshi, kwa hiyo hatuwezi kumweka katika orodha moja na hawa wengine.

Swali: Waliogunduliwa waliadhibiwa?

Kwa kawaida walirudishwa nyumbani tu, na wapo waliokwenda kujiandikisha upya katika kikosi kingine. Mwisho wa Nadezhda Durova wa Urusi ulikuwa wa pekee: siri yake ilipofika kwa Tsar Alexander wa Kwanza mwaka 1807, mtawala huyo alimwita, akampa nishani ya Msalaba wa Mtakatifu George na cheo cha ofisa, pamoja na jina jipya la kiume alilotumikia nalo hadi alipostaafu mwaka 1816.

Swali: Vita vilipokwisha, serikali ziliwalipa pensheni kama wanaume?

Hapa ndipo mambo yalipowageukia, kwa sababu jina lililowaficha vitani ndilo walilopaswa sasa kuthibitisha kwamba ni lao.

Edmonds aliugua malaria mwaka 1863, akaogopa kwamba hospitali itamfichua, akaondoka kambini. Franklin Thompson akaandikwa mtoro. Miaka 20 hivi baadaye aliwatafuta askari waliopigana naye, wakakiri kwamba bibi huyu ndiye Frank waliyemfahamu, na mwaka 1884 Bunge la Marekani likampa pensheni ya dola 12 kwa mwezi.

Kabla yake, Deborah Sampson, aliyepigana Vita vya Uhuru wa Marekani kwa jina la Robert Shurtliff, alipata pensheni mwaka 1805, baada ya Paul Revere, shujaa maarufu wa vita hivyo, kumwombea kwa barua. Alipofariki mwaka 1827, mume wake aliomba alipwe kama wanavyolipwa wajane wa askari. Mgane kuomba haki ya mjane ni jambo ambalo sheria haikulitazamia, na Bunge lilipokubali mwaka 1838, mzee huyo alikuwa amekwisha kufariki.

Cathay Williams hakupata hata hilo. Alizaliwa utumwani Missouri, akajiandikisha St. Louis mwaka 1866 kwa jina la William Cathay, akatumikia karibu miaka miwili katika kikosi cha askari Weusi. Aliomba pensheni ya ulemavu miaka ya 1890 akiwa mgonjwa, na ombi lake likakataliwa.

Swali: Albert Cashier tumwite mwanamke au mwanamume?

Kiswahili kimenisaidia kulikwepa swali hili muda mrefu, kwa kuwa "yeye" wetu haulizi jinsia. Ninakwama ninapofika kwenye "Bwana" na "Bi" tu. Alizaliwa Ireland akiitwa Jennie Hodgers, akaingia Kikosi cha 95 cha Illinois mwaka 1862, akamaliza miaka yake mitatu bila kugunduliwa, kisha akaendelea kuishi kama mwanamume kwa zaidi ya miaka 40, akifanya vibarua katika kijiji cha Saunemin. Siri ilitoka uzeeni, alipovunjika mguu na kutibiwa. Mwaka 1914 alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, ambako alilazimishwa kuvaa gauni. Askari wenzake wa zamani walimtetea, wakathibitisha mbele ya wakaguzi wa pensheni kwamba huyu ndiye Cashier waliyepigana naye, na alipofariki mwaka 1915 alizikwa akiwa na sare yake, kwa heshima za kijeshi. Katika mnara wa askari wa Illinois huko Vicksburg, Mississippi, palipopiganwa vita hivyo, jina lililochongwa ni Albert D. J. Cashier.