Usipitishe Kapu Wakati wa Kusi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Malindi aliniandikia. Yeye na wenzake wana kikundi cha kupanda mikoko kule Mida. Wamejisajili, wana akaunti ya benki, na ari wanayo tele. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Shikamoo Bi. Tumesoma kwamba machipuko ndiyo majira mazuri ya kuchangisha pesa za shirika. Tumepanga harambee katikati ya mwezi wa tano. Tuanzie wapi?"

Marahaba mwanangu. Anzeni kwa kuiahirisha.

Nitaeleza kwa urefu, kwa sababu mabishano haya nimeyapitia ndani ya kamati yetu wenyewe, na kwa sababu mwaka huu nina haki ya kusema. Kikundi chetu hapa Lamu kinalipia nauli na malazi ya wagonjwa wanaopewa rufaa ya kwenda Mombasa. Tangu tukianzishe, hatukuwahi kufika Idd tukiwa na pesa za kutufikisha Desemba. Idd iliyopita tumefika nazo. Nalisema hilo kwa fahari, na walionicheka wanajijua.

Kwanza hayo machipuko. Maandishi mliyoyasoma yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, na kwao yana ukweli. Machi na Aprili baridi imewaachia, watu wanatoka nje, wanauza miche ya maua, wanatembea na kukimbia kuchangia hospitali na watoto. London Marathon hukimbiwa Aprili, na hakuna shughuli nyingine ya siku moja duniani inayokusanya pesa za hisani kuizidi. Mwaka wa kodi wa Uingereza unamalizika tarehe 5 Aprili, kwa hiyo mwenye hesabu zake hutoa kabla ya siku hiyo. Huko kila kitu kinamsukuma mtu kufungua mkoba mwezi huo.

Hapa kwetu mwezi huohuo kusi, upepo mkali wa kutoka kusini, inaingia na masika yanaanguka. Nenda gatini asubuhi uone madau yaliyofungwa. Mvuvi mwenye chombo kidogo hathubutu kuvuka mwamba bahari ikichafuka, anavua ndani kwenye maji ya mkoko, anapata kitoweo cha nyumbani na kidogo cha kuuza. Nyumba za wageni za Shela nyingi hufunga au hubaki na mlinzi tu. Malindi na Watamu Wataliano huondoka Pasaka ikiisha, na mpishi, dereva wa tuktuk na muuza vinyago wote wanarudi nyumbani kusubiri Julai. Hapohapo muhula wa pili unafunguliwa na karo inadaiwa. Kama unataka kujua hali ya mji usiulize benki, ingia duka la mtaani umuombe mwenyewe akuonyeshe daftari la madeni. Mwezi wa pili lina kurasa chache. Mwezi wa tano anaanza daftari jipya. Unga, sukari, mafuta ya taa, vyote "andika tu." Sasa mtu huyu aliyekopa unga asubuhi ndiye jioni unampitishia kapu la harambee mbele ya majirani zake. Atatoa, kwa sababu ana haya. Na mwaka ujao akikuona atapita kichochoro kingine.

Haya niliyasema kwenye kikao, miaka kadhaa nyuma. Tulikuwa tumepata mshauri, mtu mwema aliyewahi kufanya kazi na mashirika ya nje, akaja na mwongozo wa michango ya machipuko: soko la siku moja, matembezi ya familia, uuzaji wa maua. Kamati ikafurahi. Nikauliza, mwezi wa nne? Nikajibiwa kwamba mimi ni mtu wa mambo ya kale. Neno lile lilinichoma, na sitadanganya kwamba limepoa. Baba yangu alikuwa nahodha. Tulilelewa tukijua kwamba majahazi ya Uarabuni yalikuja na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, na kurudi na kusi, na hakuna mfanyabiashara aliyeandaa mnada wake siku ambayo vyombo vimekwisha kuondoka. Basi kujua msimu ni ukale?

Soko likafanyika Mkunguni, mbele ya Ngome. Mvua ilianza kabla ya saa nne. Mahema yalikuwa ya kukodi, viti vya kukodi, na spika pia. Mgeni rasmi alifika amechelewa, akaketi mbele, akapigwa picha, akachukua kipaza sauti, akaahidi kwa niaba yake na marafiki zake kiasi kilichozidi kila kitu tulichokusanya siku ile. Watu walipiga makofi, kinamama walipiga vigelegele, katibu akaandika. Ahadi ile haijafika mpaka leo. Tulipiga simu mpaka ikawa haipokelewi. Katika siku hizo kulikuwa na mama kutoka Faza anayesubiri kwenda Mombasa kwa matibabu, na kamati ilikuwa imemhesabia nauli yake ndani ya ahadi ya mtu. Waliomsafirisha ni manahodha wa boti za Mokowe, walichangishana wao kwa wao, watu ambao hakuna aliyewawekea hata kiti cha nyuma.

Kwa hiyo Julai 2024, Rais William Ruto alipotangaza kwamba maafisa wa serikali hawataruhusiwa kushiriki harambee, na watu wakalia kwamba vikundi vitakufa, mimi nilishukuru. Kikundi kinachoishi kwa ahadi za jukwaani kilikuwa kimekufa zamani.

Kazi iliyotupa matunda tuliianza Oktoba, upepo wa matlai ukivuma na bahari imetulia. Hatukukodi hema. Tulikwenda baraza kwa baraza baada ya Isha, wanaume kwa wanaume na kinamama kwa kinamama, tukieleza wagonjwa waliosafiri ni wangapi, pesa zilitumikaje na zilizobaki ziko wapi. Hatukuomba chochote mwezi ule. Tulisoma hesabu tu. Hili watu wengi wanaliruka, na ndilo lililofungua milango yote iliyofuata.

Kaskazi ilipoingia tukawaendea wavuvi. Kila mtu wa pwani anajua jinsi mapato yanavyogawanywa: fungu la chombo, fungu la nahodha, mafungu ya mabaharia. Tukaomba fungu moja zaidi, la mgonjwa, siku moja tu kwa kila bamvua. Hatukuomba kila siku. Bamvua ndiyo wakati maji yanapokupwa sana, kinamama wa Pate wanaingia mwambani kwa pweza na wazamiaji wanapata kambakoche, na pesa inazunguka mkononi kabla haijapata matumizi. Nahodha mmoja alikubali, kisha ndugu zake, kisha ikawa aibu kwa chombo kutokuwa na fungu la mgonjwa. Hatukumwomba mvuvi hata mmoja mwezi wa tano, na hatutamwomba.

Nambari yetu ya M-Pesa ni ya Paybill, na pale penye nafasi ya akaunti tulimwambia mtoaji aandike mtaa wake: Mkomani, Langoni, Wiyoni, Shela. Kila Ijumaa tulitangaza jumla ya kila mtaa bila kutaja jina la mtu. Nani asiyejua kwamba Mkomani na Langoni wanashindana tangu enzi za mababu? Safari hii ushindani wao ulisafirisha wagonjwa. Kadi za kuwaomba wageni mchango tuliziweka kwenye nyumba za Shela Januari na Februari, vyumba vikiwa vimejaa.

Kisha Ramadhani. Hapa nataka mnisikilize sana, kwa sababu naona vikundi vinacheza na jambo lisilochezewa. Zaka, ile asilimia 2.5 ya mali iliyofikia kiwango na kutimiza mwaka, ina watu wake wanane waliotajwa katika Qur'ani. Mgonjwa fakiri yumo. Muda wa maongezi wa simu ya katibu haumo. Tuliuliza mashehe kabla ya kupokea hata shilingi, tukafungua daftari mbili, moja ya zaka na moja ya sadaka, na pesa za daftari moja hazijagusa nyingine. Mzee mmoja mwenye duka aliniambia amekuwa akipeleka zaka yake Mombasa kwa sababu hapa hakuona anayeitenga. Mwaka huu aliiacha Lamu.

Jueni pia kwamba Ramadhani husogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2024 ilikuwa Machi na Aprili, inagusa masika. Mwaka 2026 imekuwa Februari na Machi, ndani ya kaskazi, na itaendelea kuingia humo. Mwaka 2030 itakuja mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Kikundi kinachojipanga kitaona kwamba miaka inayokuja mwezi wa kutoa na msimu wa kupata vinakutana. Sisi tumekwisha kuandika kalenda yetu mpaka huko.

Mtaniuliza, basi masika tulale? Hapana. Masika ombeni vitu ambavyo watu wanavyo, na walichonacho msimu huo ni mikono na muda. Kinamama wetu wakati wa mvua wanasuka ukili na kushona kofia za vito. Kofia moja nzuri huchukua wiki nyingi za sindano, na mnunuzi wake hayupo Mei. Yupo Maulidi. Mfungo Sita wa mwaka huu unaangukia Agosti na Septemba, Lamu itajaa wageni wa Msikiti wa Riyadha kutoka pande zote za Afrika Mashariki, na kila kofia iliyoshonwa mvua ikinyesha itapata kichwa. Wanaume watengeneze boti. Mweka hazina afunge hesabu na kuzibandika mlangoni.

Na masika waandikieni walio nje, kwa sababu kwao ndiyo machipuko. Tuna ndugu zetu Uingereza. Wakitoa kupitia shirika la hisani linalotambuliwa huko, na wao ni walipa kodi, mpango unaoitwa Gift Aid huongeza peni 25 kwa kila pauni. Nyinyi wa Malindi mna Wataliano: tangu 2006 mlipa kodi wa Italia anaweza kuelekeza sehemu 5 kati ya kila 1,000 za kodi yake ya mapato kwa shirika analolichagua, bila yeye kuongeza senti, na fomu zao za kodi wanaanza kuzijaza kipindi hikihiki ambacho huku kwetu kusi inavuma. Lazima shirika liwe limesajiliwa kwao, kwa hiyo mtafuteni rafiki mwenye chama huko, msijaribu wenyewe. Barua za hao Wataliano ziandaliwe Februari, wakiwa bado hapa, mkiwa mnatazamana uso kwa uso, kisha zitumwe masika.

Sasa nirudi kwa kijana wangu. Siku yenu ya mwezi wa tano msiifute, ibadilisheni kazi. Udongo umelowa, ni wakati wa kupanda, na watu wanakumbuka kwamba tarehe 10 Mei 2024 nchi nzima ilipewa siku ya mapumziko ipande miti huku ikiwaombolezea waliokufa kwa mafuriko. Waiteni watu Mida waje na majembe na watoto wao. Pasiwe na mgeni rasmi wala kapu. Andikeni jina la kila aliyepanda na mahali alipopanda, mpige picha. Anayetaka kulipia mche kutoka Milano au Leeds alipie, mtumieni picha ya mche wake. Desemba wageni wakirudi Watamu, wapelekeni kwa mtumbwi wakaione ile mikoko iliyoshika, na hapo ndipo mfungue mdomo kuomba pesa. Vijana mnapenda jukwaa, nawajua, mna haraka ya kuonekana. Pesa ya watu ni amana kabla haijaingia mfukoni mwenu, na amana inaanza kwa kuchagua siku ambayo mtoaji hataumia.

Jambo la mwisho, na hili vikundi vya Malindi naona mnalisahau. Kuchangisha hadharani kunahitaji kibali chini ya sheria ya michango ya hadhara, Sura 106. Kama mmesajiliwa kama shirika na si kikundi cha jamii, sheria mpya ya mashirika ya manufaa ya umma ilianza kazi tarehe 14 Mei 2024, kwa hiyo angalieni cheti chenu kinasemaje. Ombi la kibali lipelekwe kabla vuli haijaanza, likiwa na bajeti na majina ya watakaoshika pesa. Niandalie rasimu unitumie kabla ya Septemba, nitaipitia mstari kwa mstari.