Mama "Anatunza Nyumba": Mke wa Mkulima katika Ukoo wa Waairishi wa Minnesota

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni Mtanzania ninayeishi Minnesota, Marekani, na kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani kwao. Bibi mmoja ninayemhudumia, ambaye ukoo wake ulitoka Ireland, alinionyesha nakala ya sensa ya mwaka 1880 yenye majina ya wazazi wa babu yake, waliolima ngano magharibi mwa jimbo hili. Mbele ya jina la mume imeandikwa "mkulima", na mbele ya jina la mke imeandikwa "anatunza nyumba". Bibi alikasirika, akasema bila yule mama ukoo wao ungekufa njaa. Je, ni kweli mama huyo hakuwa na kazi nyingine, na kama alikuwa nayo, iliandikwa wapi? Tena nimesikia kwamba Waairishi walibaki mijini. Hawa walifikaje shambani?

JIBU: Dada yangu, bibi ana haki ya kukasirika, na umefanya vyema kumsikiliza. Maneno hayo hayakuwa dharau ya karani mmoja. Maelekezo ya sensa za 1870 na 1880 yalitaka mwanamke anayeitunza nyumba ya familia yake, na ambaye hana kazi nyingine ya kipato, aandikwe hivyo. Na siagi aliyoiuza kwa mwenye duka makarani hawakuihesabu kuwa kipato chake. Ndiyo maana katika karatasi hizo mke aliyekamua ng'ombe kabla ya jua kuchomoza analingana kabisa na mke wa mjini aliyekuwa na mtumishi jikoni.

Ulichosikia kuhusu mijini ni kweli kwa sehemu kubwa. Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852, iliyoletwa na ugonjwa wa ukungu ulioozesha viazi, iliua watu wapatao milioni moja na kuwafukuza wengine zaidi ya milioni moja, na wengi wao walishuka bandarini bila mtaji wa kununua hata jembe, wakashika vibarua vya mjini. Lakini Sheria ya Makazi ya 1862 iligawa ekari 160 kwa atakayekaa na kulima kwa miaka mitano, na kuanzia 1876 Askofu John Ireland wa Saint Paul, mzaliwa wa Kilkenny huko Ireland, alishirikiana na kampuni za reli kuwaita Wakatoliki wenzake watoke mijini. Vijiji vya De Graff, Clontarf na Graceville, vyote magharibi mwa Minnesota, vina asili hiyo, na inawezekana kabisa kwamba wazee wa bibi yako walipitia mlango huo.

Sasa nije kwa mama mwenyewe, na hapa naomba nikae kidogo. Maziwa ya jioni aliyamimina katika sufuria pana zisizo na kina, akayaacha mahali pa baridi mpaka malai yapande juu, kisha akayaengua kwa kijiko bapa na kuyaweka yachachuke kidogo. Siku ya kusukasuka, alikaa mbele ya pipa lenye mti wa kupandisha na kushusha, na watoto wakapokezana naye mkono ulipochoka. Wasomaji waliokulia kwenye mifugo, walioona kibuyu kikisukwa mpaka samli ikapatikana, wataujua ule mlio unaobadilika ghafla siagi inapojitenga. Lakini kazi haikuishia hapo, kwa kuwa siagi ilipaswa kuoshwa kwa maji baridi mara kadhaa na kukandwa kwa mwiko wa mbao mpaka tone la mwisho la maziwa litoke, la sivyo ingeoza kabla ya kufika dukani, na ndipo ikatiwa chumvi na kugandamizwa katika kalibu. Ujuzi huu aliweza kuwa nao tangu kwao, maana siagi iliyotengenezwa na wanawake wa kusini mwa Ireland ndiyo iliyolisha soko mashuhuri la mji wa Cork.

Dukani, siagi na mayai vilibadilishwa kwa sukari, chai, viatu na kitambaa. Ngano ililipa mara moja tu kwa mwaka, na fedha yake ilikwenda kwenye madeni ya mashine na ardhi; miezi mingine yote nyumba ilisimama juu ya kuku na ng'ombe wa mama. Tena kuna miaka ambayo ngano haikulipa kabisa. Kuanzia 1873 hadi 1877 nzige walishambulia Minnesota mwaka baada ya mwaka, wakala mashamba mpaka yakabaki vumbi. Bibi aliposema kwamba ukoo ungekufa njaa, hakuwa anatia chumvi.

Majira ya kupura ngano, majirani walikuja na mashine, na mama alipaswa kuwapikia wanaume kumi na tano au ishirini, mara tatu au zaidi kwa siku. Katika majira ya baridi ya 1880 hadi 1881, yaliyokuwa makali mno, na kwa kuwa nyanda za huko hazikuwa na miti, familia nyingi zilisokota nyasi kavu na kuzichoma jikoni badala ya kuni. Mwaka huo wa 1880 takriban watu 300 kutoka Connemara, magharibi mwa Ireland, maskini wasiowahi kulima ngano, waliletwa Graceville, baridi ikawaangukia kabla hawajajiandaa, na wengi wao waliishia kuhamia Saint Paul. Ninapowafikiria akina mama wa kundi lile, wakiwa na watoto wachanga katika vibanda vya mbao, moyo wangu unauma.

Kuhusu ardhi, mwanamke ambaye hajaolewa na mjane waliweza kuomba ekari 160 kwa jina lao, lakini mke aliyeolewa kwa kawaida hakuweza, kwa sababu sheria ilimtambua mume kuwa mkuu wa kaya. Mume akifa kabla ya miaka mitano kutimia, mjane aliruhusiwa kuikamilisha na kupata hati. Kwa maoni yangu huo ni ungamo la sheria yenyewe kwamba alijua kulima tangu mwanzo.

Je, kazi yake iliandikwa wapi? Pamoja na orodha ya watu, makarani wa 1880 walijaza fomu nyingine ya kilimo, shamba kwa shamba. Fomu hiyo iko chini ya jina la mume peke yake, kwa hiyo mtafute yeye, katika wilaya ile ile mliyoiona kwenye nakala. Ukiupata mstari wake, pita safu za ekari, ufike kwenye safu ya siagi iliyotengenezwa shambani mwaka 1879, kwa ratili, kisha idadi ya kuku, kisha mayai, kwa dazani. Msomee bibi tarakimu hizo polepole, kwa sababu ni za mama yule.