Joto la Dar: Shughulikia ukuta na feni kabla ya kununua AC

Kaskazi ikishashika, kuanzia Desemba hadi Machi, Dar es Salaam husoma nyuzi 32 au 33 mchana. Kwa namba tu si joto la kutisha. Nchi nyingi zenye hewa kavu hupita hapo. Kinachotuchosha ni unyevu, na usiku usioshuka sana chini ya nyuzi 25. Jasho hupoza mwili linapokauka. Hewa ikishajaa mvuke, jasho halikauki, linachuruzika tu mgongoni. Kwa hiyo kazi kubwa ni kuzuia jua lisiifikie nyumba na kufanya hewa ipite juu ya ngozi.

Ndiyo maana ule ushauri wa kufunga madirisha yote mchana kutwa hautufai. Unafaa nyumba za Ulaya zenye kuta nene na usiku wa baridi. Nyumba ya bati ukiifunga Februari saa saba mchana, unaoka waliomo. Ziba upande unaopigwa na jua, upande wa kivulini acha wazi.

Watu hulaumu bati kwa kila kitu. Bati hupata moto upesi na kupoa upesi, na ikifika saa mbili usiku halina neno tena. Anayewanyima watu usingizi ni ukuta wa tofali za saruji, hasa wa magharibi: hunywa jua kuanzia saa nane hadi linapozama, kisha huanza kulirudisha ndani taratibu. Weka kiganja kwenye ukuta huo saa tatu usiku, utahisi kama unagusa sufuria iliyoepuliwa muda si mrefu. Tiba yake iko nje. Funga turubai au makuti kwenye fito, ukiacha nafasi ya shibiri moja au mbili kati yake na ukuta ili hewa ya moto ipande na kutoka. Pazia la ndani ni nusu dawa, maana jua limeshapita kwenye kioo.

Bati nalo lina dawa yake: rangi nyeupe ya mabati, mikono miwili. Sugua kutu kwanza, osha vumbi na chumvi ya bahari, acha likauke kabisa. Rangi ikipakwa juu ya chumvi hubanduka mapema, na fundi atakuambia rangi ilikuwa feki. Kama una dari, toboa matundu ya hewa pande mbili zinazotazamana chini ya paa na uyazibe kwa wavu, la sivyo dari inageuka kifuniko cha jiko.

Sasa feni. Pangaboi linalozunguka kivivu mara nyingi si bovu, ni kapasita (kile kidude kinachoipa mota msukumo) imechoka. Zima umeme kwenye meini swichi, si swichi ya ukutani peke yake. Fungua kikombe kinachofunika nyaya za pangaboi pale juu darini, soma namba iliyoandikwa ubavuni mwa kapasita (nyingi ni maikrofaradi 2.5) na ununue yenye namba hiyo hiyo. Wapo wanaoweka kubwa zaidi ili feni likimbie; mota hupata moto na koili huungua. Ukisimama chini ya pangaboi na husikii upepo, angalia kama halizunguki kinyume. Baadhi yana kiswichi kidogo kwenye mota cha kugeuza mwelekeo.

Feni ya kusimama, jua likishazama, iweke karibu na dirisha ikitazama nje. Itasukuma hewa ya moto itoke, na hewa ya nje itaingia kwa dirisha la upande wa pili, mradi mlango wa katikati uko wazi. Halafu angalia wavu wa dirisha. Ukishajaa vumbi na masizi, matundu huziba na unalala nyuma ya kitambaa. Burashi, sabuni na dakika kumi zinatosha. Chandarua usikitoe, malaria haipumziki kwa ajili ya joto. Wakati wa kulala, shusha feni ilingane na godoro ikupulizie. Na lile nailoni la godoro jipya ambalo watu huliacha mwaka mzima ili lisichafuke, litoe leo.

Ujanja wa kuweka barafu mbele ya feni umetiwa chumvi. Kilo moja ikiyeyuka hunyonya takriban joto analotoa mtu mmoja aliyekaa kwa saa moja, basi. Afadhali kuifunga kwenye kanga na kujikanda nayo shingoni.

Ukiamua AC, jua kwamba ya BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) hula uniti za LUKU karibu mara kumi ya feni kwa usiku mmoja. Iweke nyuzi 25 au 26 pamoja na feni, na osha chujio kila wiki mbili. Fundi akikwambia gesi huisha kila mwaka, mwambie atafute inapovuja.

Kwa anayefanya kazi juani, kikombe cha maji kila dakika 15 hadi 20, bila kuzidi lita moja na nusu kwa saa. Akitoka jasho siku nzima anahitaji chumvi pia: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote visiwe na kilima. Chumvi ikizidi ina madhara, hivyo usikadirie kwa vidole. Mtoto wa chini ya miezi sita hapewi maji, ananyonyeshwa mara nyingi zaidi. Akitoka harara, acha mafuta mazito. Maji ya baridi na nguo nyepesi ya pamba vinatosha.

Mtu ambaye mwili wake umechemka kwa joto akianza kuongea yasiyoeleweka, kupepesuka au kuzimia, hiyo ni dharura. Mhamishie kivulini, mvue nguo nzito, mmwagie maji mwili mzima huku ukimpepea, barafu iende kwapani, shingoni na kwenye kinena. Tafuta usafiri wa hospitali wakati huo huo, na uendelee kumlowesha njiani. Parasetamoli haishushi joto la namna hii. Kama hajitambui, usimtie maji mdomoni, yataingia kwenye mapafu.